Vizuizi vya Safari na Matembezi: Kipi ni cha Sharia na Kipi Tumekijenga Wenyewe?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeitandaza ardhi akaweka ndani yake milima na njia. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyesafiri kwa biashara kabla ya utume, akahama kwa ajili ya dini, na akaongoza msafara wa Hijja ya kuaga katika mwaka wa 10 Hijria. Ziwafikie pia Aali zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.

Amma baad. Anayeishi Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, hahitaji kuelezwa utalii ni nini. Barabara iendayo Makuyuni, Karatu na Ngorongoro inapita mbele ya nyumba zetu. Kila asubuhi, na hasa katika miezi ya kiangazi kuanzia Juni, magari ya watalii hupita kwa foleni. Ndege ndogo za Uwanja wa Ndege wa Arusha huruka juu ya mapaa yetu kuelekea Serengeti, kiasi kwamba mwalimu wa madrasa huzoea kunyamaza kidogo mpaka sauti ipite, kisha akaendelea na somo.

Miaka michache iliyopita tuliwauliza wanafunzi wa darasa moja la madrasa katika eneo letu: ni nani kati yenu amewahi kufika Hifadhi ya Taifa ya Arusha? Ilinyooshwa mikono miwili. Mmoja baba yake ni dereva wa watalii, na wa pili alipelekwa na shule yake ya msingi. Waliobaki wanauona Mlima Meru kila waamkapo, lakini hawajawahi kuufikia mguu wake wa mashariki. Na darasa hilo ndilo lililokuwa limemaliza kuhifadhi Suratul Ankabut, ambayo katika aya yake ya 20 Mwenyezi Mungu anatuamrisha tutembee katika ardhi na tuangalie jinsi alivyoanzisha kuumba. Walikuwa wakiisoma aya hiyo kwa tajwidi nzuri sana.

Tukapendekeza wapelekwe kwa siku moja. Basi lilipatikana, na wafadhili wa msikiti wakachangia. Kilichotushangaza ni majibu ya baadhi ya wazazi na walezi. Bibi mmoja aliuliza: "Kwani huko kuna msiba gani?" Mama mmoja akasema majirani watauliza hela kazipata wapi. Baba mmoja akasema binti yake haendi porini. Mzee mmoja wa jamaa akasema hayo ni mambo ya Wazungu. Na mwalimu mwenzetu akasema matembezi ni lahwi, na muumini hana muda wa lahwi.

Hatuandiki haya ili kuwacheka. Jibu hilo la mwisho liliwahi kuwa letu sisi wenyewe. Zaidi ya miaka ishirini kabla ya hapo, kina mama wa darasa la msikiti walituomba ruhusa waende pamoja Ziwa Duluti, pale Tengeru, wapumzike mchana mmoja baada ya kumaliza Juzuu Amma. Tuliwajibu papo hapo kwamba mwanamke mahali pake ni nyumbani, na kwamba safari bila ya mahram ni haramu. Hatukufungua kitabu. Katika kundi lile alikuwepo mjane mmoja aliyelea watoto sita kwa kuuza ndizi. Alifariki bila ya kuliona ziwa hilo, ambalo kwa gari si mwendo wa kutwa wala wa nusu kutwa. Hatudhani kwamba Siku ya Kiyama tutaulizwa habari za ziwa. Tunaloliogopa ni kuulizwa habari ya neno tulilolitoa kwa jina la sharia bila ya kulihakiki.

Kwa sababu hiyo tumeona tuwaandikie maimamu na wanafunzi wenzetu historia fupi ya jambo hili: wazee wetu walisafiri vipi, njia zilifungwa na nani, na katika vizuizi vilivyobaki kipi kimetoka kwa Mwenyezi Mungu na kipi kimetoka kwetu.

Umma wa Wasafiri

Uislamu ulijengwa na watu waliotembea. Jabir bin Abdillah (R.A.) alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima mpaka Sham kwa ajili ya hadithi moja tu aliyokuwa nayo Abdullah bin Unays (R.A.). Imam Shafii alizaliwa Ghaza, akalelewa Makka, akasoma Madina, akaenda Yemen na Iraq, na akafariki Misri mwaka 204 Hijria. Lau angebaki alipozaliwa, madhehebu tunayoyafuata huku Afrika Mashariki yasingekuwa haya tunayoyajua. Imam Ghazali naye katika Ihyaa Ulumiddin aliweka mlango maalumu wa adabu za safari, akazigawa safari kwa makusudio yake: kutafuta elimu, ibada, kukimbia linalodhuru dini, na kukimbia linalodhuru mwili.

Wapo pia waliobaki. Imam Malik karibu umri wake wote alikuwa Madina, na watu ndio waliomwendea. Kwa hiyo kukaa si aibu, wala kusafiri peke yake si fadhila. Kinachopimwa ni nia na manufaa.

Katika pwani yetu, msafiri Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 725 Hijria (1325 Miladia) akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, akiwa na huzuni ya kuwaacha wazazi wake. Mwaka 1331 alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa, akawaeleza watu wa Mombasa kuwa ni Mashafii, watu wa dini, na wenye misikiti ya mbao. Aliporejea Morocco mwaka 1349 alikuta mama yake amekwisha kufariki kwa tauni. Tunalitaja hili ili msomaji asidhani kwamba wasafiri wakubwa hawakuwa na nyoyo. Kizuizi cha kwanza cha kila msafiri ni watu anaowapenda, na kizuizi hicho ni cha haki.

Wanachuoni wa Afrika Mashariki nao hawakukaa. Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861-1925), aliyezaliwa Ngazija na kuwa kadhi Zanzibar, alifika Istanbul, Misri na Makka. Rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu, alisafiri Hadhramaut, Makka na Java, na akafika hata Cape Town kuwasuluhisha Waislamu wa huko. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alikwenda Uingereza mwaka 1875, na katibu wake Zahir bin Said akaiandikia safari hiyo kitabu cha Kiarabu. Watu wa kawaida pia walisafiri na wakaandika. Salim bin Abakari, aliyekuwa mtumishi, alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, na simulizi yake ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten.

Ama huku kwetu bara, njia ya Arusha iliwahi kujulikana vizuri na Waislamu wa Pangani na Tanga kabla ya kufika utawala wa Mjerumani. Misafara yao ilipanda kwa kufuata bonde la mto Pangani mpaka chini ya Kilimanjaro na Meru, na kuingia nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu. Kiongozi wa misafara wa Pangani, Jumbe Kimemeta, ndiye aliyesaidia msafara wa Mwingereza Joseph Thomson mwaka 1883, na tena msafara wa Count Teleki mwaka 1887, uliopita katika Mlima Meru. Majina ya Wazungu hao yameandikwa katika vitabu vyote. Jina la aliyewaonyesha njia hulijua wachache. Lakini ni wajibu wetu kusema ukweli wote: biashara ya misafara haikuwa pembe tu, bali ilibeba pia watu waliotekwa na kuuzwa. Kwa waliofungwa minyororo, safari ilikuwa adhabu. Huenda hofu ya njia na ya mgeni iliyobaki katika koo nyingi za bara ina mzizi wake humo, na hatuna haki ya kuiita ujinga.

Namna Njia Zilivyofungwa

Utawala wa Kijerumani ulijenga Boma la Arusha baina ya mwaka 1899 na 1900, baada ya vita vikali na Waarusha na Wameru. Kabla ya hapo, mwaka 1896, Gavana Hermann von Wissmann alikwisha kutoa amri ya uwindaji iliyotenga maeneo mawili ya hifadhi, mojawapo likiwa magharibi ya Kilimanjaro. Tangu hapo pori ambalo mwenyeji alilipita kwa miguu likaanza kuwa mahali pa kuingia kwa idhini.

Safari ya mtu msomi nayo ilizuiwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi aliyekusanya habari za desturi za Waswahili, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaoa huko mwanamke wa Kijerumani. Aliporudi na mkewe mwaka 1905, wakuu wa koloni hawakuwaruhusu kuishi katika nchi yake mwenyewe, wakarejea Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927. Huyu hakuzuiwa na umasikini wala na woga. Alizuiwa na sheria iliyomtazama rangi.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na safari zikawa nyepesi kwa mwenye nauli. Hata hivyo, chini ya Mwingereza, sheria ya mwaka 1944 iliwapa wakuu wa miji uwezo wa kumwondoa mjini Mwafrika waliyemwona hatakiwi. Mtu akajifunza kwamba ukionekana mahali bila ya kazi, utaulizwa umefuata nini. Tulipomsikia bibi yetu akiuliza kuna msiba gani huko, tulikumbuka kwamba kizazi chake kililelewa na watu waliolazimika kuwa na sababu ya kila hatua.

Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani yake wakahamishwa kupelekwa upande wa Ngorongoro. Wakati huohuo, mwaka 1951, Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kuwasilisha dai lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ndugu huyu hakuwa Muislamu, lakini kisa chake kina funzo kwetu sote: kutoka katika mlima huuhuu, jamii iliyokuwa imenyang'anywa ardhi iliona kuna haja ya kumsafirisha mtu mmoja kwa ajili ya wote, ikatoa.

Hata neno letu lilichukuliwa. Safari ni neno la Kiarabu, maana yake kutoka kwenda mwendo, na Waswahili walilitumia kwa misafara yao. Baada ya wawindaji wa Kizungu kulichukua, na hasa baada ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, kuja Mombasa mwaka 1909 kuwinda, duniani likapata maana ya Mzungu na bunduki, kisha Mzungu na kamera. Na mzee wetu akisema hayo ni mambo ya Wazungu, anasema alichokiona kwa macho yake.

Lakini tuliangalie neno jingine, mtalii. Asili yake ni Kiarabu, kutokana na kutalii, yaani kusoma na kuchungua kitu kwa makini. Ni neno ndugu na mutalaa, ambayo kila mwanafunzi wa madrasa anaijua: kulipitia somo kabla ya kwenda kwa sheikh. Kwa asili ya neno, basi, mtalii ni msomaji. Kitabu chake ni ardhi.

Baada ya uhuru vizuizi vya rangi viliondoka, vikaja vya hali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Familia zenye ndugu Nairobi na Kajiado zilikaa mpaka Novemba 1983, yalipofikiwa makubaliano hapahapa Arusha na mpaka ukafunguliwa. Watu wa rika letu wanakumbuka pia uhaba wa petroli, na Jumapili ambazo magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani mchana. Kwa mwenye nia ya Hijja palikuwa na ugumu wa fedha za kigeni, ambazo mtu wa kawaida hakuweza kuzinunua apendavyo mpaka sheria ilipolegezwa mwaka 1992. Na mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya Korona, Hijja ilifungwa kwa watu wa nje ya Saudi Arabia, ikawa hivyo pia mwaka 2021. Wapo wazee waliokuwa wamekwisha kuweka akiba yao, wakafariki kabla njia haijafunguliwa mwaka 2022. Tunatarajia kwa Mola wao malipo ya nia zao. Katika kizuizi cha aina hii sharia ilitangulia, kwani Sayyidna Umar (R.A.) aliirudisha safari yake ya Sham kwa sababu ya tauni, na akafurahi alipoelezwa na Abdurrahman bin Awf (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuingia katika nchi yenye tauni na kuikimbia kwa aliyemo.

Vizuizi vya Jamii na vya Nafsi

Leo mpaka uko wazi na barabara ni ya lami. Raia hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, na ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni kwa dola. Mbona bado hatuendi?

Umasikini upo, na hatuudharau. Mwenye kuhesabu unga wa kesho haulizwi kwa nini hajaona twiga. Lakini wako wenye uwezo ambao hutoa mamia ya elfu kwa mchango wa harusi moja, na wakiambiwa wawatoe watoto wao kwa siku moja huona ni ufujaji. Hapa kizuizi si mfuko, ni kuzoea kwamba fedha ya safari hutolewa kwa msiba, harusi, ugonjwa au biashara tu.

La pili ni kusemwa. Mwanamume akimchukua mkewe matembezi huambiwa ametawaliwa. Mwanamke akitoka na wenzake huambiwa hana kazi. Mjane akicheka hadharani huhesabiwa miezi ya eda yake iliyokwisha zamani. Watu wengi wameacha mubaha si kwa kumwogopa Mwenyezi Mungu, bali kwa kuliogopa baraza la jirani.

La tatu liko ndani ya nafsi: woga wa mahali usipopajua, haya ya kuulizwa kitu na mlinzi wa geti kwa lugha usiyoizoea, na dhana kwamba mahali pale si pa watu kama sisi. Kizuizi hiki hakina geti wala askari, na ndiyo maana hudumu hata baada ya mengine yote kuondoka.

La nne, na ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa mimbari, ni kuitumia dini kufunika hayo matatu.

Sharia Inasemaje?

Kwanza, asili ya safari na mapumziko ni ruhusa, na hukumu hubadilika kwa makusudio yake. Safari ya Hijja kwa mwenye uwezo ni faradhi, ya kuunga ukoo ni twaa, ya maasi ni haramu, na ya mapumziko ni mubaha. Mafakihi wa Kishafii wameihesabu nuzha, yaani kwenda kupumzika na kuburudika kwa halali, kuwa ni lengo sahihi la safari, wakamtofautisha mwenye nuzha na mtu anayezurura bila ya kujua aendako, ambaye hapati rukhsa ya kupunguza sala. Kama matembezi yote yangekuwa lahwi ya haramu, wasingeyajadili katika mlango wa rukhsa.

Pili, mapumziko yana asili katika Sunna. Hanzala (R.A.) alipolalamika kwamba moyo wake hubadilika akiwa na mke na watoto, Mtume (S.A.W.) alimweleza kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile, kama alivyopokea Imam Muslim. Katika Sahihi mbili imo habari ya Mahabeshi waliocheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) naye akitazama mpaka yeye mwenyewe alipochoka. Amepokea Abu Daud kwamba alishindana naye mbio wakiwa safarini. Na Bukhari amepokea kwamba Mtume akitaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze. Sasa ni nani aliyetufundisha kwamba uchamungu wa mume unapimwa kwa mkewe kutoona kitu?

Tatu, ipo hoja ya hadithi isemayo kwamba vipando visifungwe ila kwa kuendea misikiti mitatu. Wengine huitumia kuzuia kila matembezi. Wanachuoni wengi wameieleza kuwa inahusu misikiti: usifunge safari kuuendea msikiti kwa kuitakidi fadhila maalumu ya kusali humo, isipokuwa mitatu hiyo. Haikugusa biashara, elimu, kuwatembelea ndugu, wala nuzha.

Nne, suala la mwanamke. Hadithi za kumtaka mahram katika safari ni sahihi, na hatuna ruhusa ya kuzipunguza nguvu. Riwaya zimetaja muda mbalimbali, na Imam Nawawi ameeleza kwamba makusudio si kuweka kipimo, bali ni kila kinachoitwa safari. Katika madhehebu yetu mwanamke huruhusiwa kwenda Hijja ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu. Ama safari ya mbali isiyokuwa ya wajibu, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa na mahram. Mwaka 2022 Saudi Arabia ilitangaza kwamba haimshurutishi mwanamke kuwa na mahram ili aingie kwa Hijja au Umra, lakini kanuni ya viza ni jambo moja na hukumu ya fikihi ni jambo jingine.

Basi kosa letu sisi lilikuwa wapi? Lilikuwa katika kuchukua hukumu ya safari na kuivisha matembezi ya jirani. Kutoka Kisongo kwenda Tengeru hakuna anayekuita safari. Kina mama walewale walikuwa wakipita njia hiyohiyo kwenda sokoni, nasi hatukuwahi kusimama njiani kuwauliza mahram. Tuliwaruhusu kwenda kubeba mizigo, tukawazuia kwenda kupumzika. Hiyo haikuwa fikihi, ilikuwa ada ya wanaume iliyovaa kilemba. Tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, na tumewaomba radhi waliobaki hai katika wao.

Tano, mipaka ya kweli ipo na ilindwe. Asiende mwenye deni lililofika muda wake naye hataki kulipa. Nafaka ya nyumbani isipunguzwe. Mtoto asiende palipo na hatari bila ya idhini ya wazazi. Watu wasiende mahali ambapo lengo lake ni pombe na maasi. Sala isipotee njiani. Wakiwa watatu au zaidi wamweke amiri wao, kama ilivyokuja katika hadithi ya Abu Daud. Na haja ikiisha watu warudi haraka kwa ahali zao, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ameieleza safari kuwa ni kipande cha adhabu, humnyima mtu chakula, kinywaji na usingizi wake.

Ilivyokuwa Siku Ile

Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Yule baba wa binti tulimwomba aje pamoja nasi, akaja, na wazazi wengine wakaja pia. Mwalimu mwenzetu tulikaa naye tukafungua vitabu, akasema: "Sheikh, mimi nilikuwa nasema tulivyozoea kusema." Tukamwambia hata sisi.

Watoto waliona mbega weupe kwa weusi juu ya miti, twiga, nyati, na heroe katika maziwa ya Momella. Walisimama ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto wakatazama chini, wakanyamaza, na wanaowajua watoto hao wanafahamu kuwa kunyamaza kwao si jambo la kila siku. Ilipoingia Adhuhuri, kijana mmoja aliuliza kama tutapunguza sala. Tukamwambia apige hesabu. Masafa ya kupunguza katika madhehebu yetu ni marhala mbili, ambazo kwa vipimo vya leo ni zaidi ya kilomita 80, na hapa hatukuyafikia masafa hayo. Lau tungekwenda Ngorongoro, tungepunguza. Akasema: "Basi rakaa nne." Tukasali rakaa nne juu ya majani. Somo lile la rukhsa tulikuwa tumelifundisha darasani mara nyingi, na hatudhani kuwa liliwahi kueleweka kama siku hiyo.

Jioni tulimrudisha mjukuu wa yule bibi mpaka mlangoni. Bibi alimuuliza ameona nini. Mtoto akaanza kueleza, hana mpangilio, twiga kabla ya mlima na mlima kabla ya geti. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatugeukia akasema: "Mimi nimezaliwa chini ya mlima huu, na upande ule siujui. Mkienda tena, watu wazima mnachukua?"

Ndugu zetu maimamu, swali hilo tunawafikishia nanyi. Kabla hatujamjibu mtu kwamba haifai, tujiulize anayemzuia ni Mwenyezi Mungu na Mtume wake, au ni sheria ya mkoloni iliyokwisha kufutwa, au ni ulimi wa jirani, au ni woga wetu wenyewe. La kwanza tulisimamie bila ya kuona haya. Mengine tuyaondoe njiani, kama tulivyofundishwa kuondoa kila kinachowaudhi wapitao.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.